Ngozi iliyobaki baada ya upasuaji wa tumbo: kusubiri, mashine, au kurudi chumba cha upasuaji?

Umefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ule wa kukata ngozi iliyozidi na kukaza misuli, umerudi zako Mtwara au Lindi, miezi imepita, na bado ukisimama mbele ya kioo kuna ngozi inayolalia kovu au kujikunja pembeni ya kiuno. Pesa imekwenda na maumivu umeyavumilia. Ndugu na majirani kila mmoja ana dawa yake: huyu anakwambia ujifunge kanga, yule ameona mtandaoni mashine ya kukaza ngozi, mwingine anataka urudi Dar ukakatwe upya. Mimi ni muuguzi, na wanawake wa huku kusini huniuliza jambo hili kwa sauti ya chini, wengi wakiona aibu kumwambia daktari aliyewafanyia. Msimamo wangu ni huu: kila njia ina mtu wake, lakini anayechagua kabla ya kujua kilichobaki ni nini hupoteza pesa, na wakati mwingine hujiletea madhara ambayo hakuwa nayo.

Uvimbe, maji, mafuta, au ngozi kweli?

Katika upasuaji huu daktari hukata chini, karibu na mstari wa chupi, kutoka nyonga moja hadi nyingine. Huinua ngozi pamoja na mafuta yake hadi karibu na mbavu, hushona misuli ya katikati iliyoachana kwa sababu ya mimba au unene, kisha huivuta ngozi chini, hukata iliyozidi na kukitolea kitovu tundu jipya. Katika kazi hiyo vijia vidogo vinavyorudisha maji ya mwili hukatika, na huchukua miezi kujijenga upya. Ndiyo maana sehemu iliyo juu ya kovu huvimba na kuonekana kama nyama uzembe iliyosahauliwa.

Tofauti unaweza kuiona mwenyewe. Uvimbe hupungua ukiamka na huongezeka jioni, hasa ukishinda umesimama, ukila chumvi nyingi, au siku za joto kali. Ngozi iliyozidi haina saa: asubuhi ipo, jioni ipo, na ukiikusanya kwa vidole viwili unaiona nyembamba. Mafuta ukiyashika ni mazito, yanajaza kiganja. Maji yaliyojikusanya chini ya ngozi hutokea zaidi wiki za mwanzo. Tumbo huvimba upesi, pengine upande mmoja, na ukiligusa linatikisika. Hayo usiyasubiri yaishe yenyewe bila kuonwa na mtu. Daktari huyavuta kwa sindano, na yakiachwa muda mrefu yanaweza kujijengea mfuko ambao nao utahitaji kuondolewa kwa kisu.

Kuna pia uvimbe unaotokeza ukikohoa, au ukilala chali na kunyanyua kichwa. Huo inawezekana ni mshono wa misuli ulioachia, au ni ngiri. Hapo hakuna mashine wala mafuta ya kupaka yatakayosaidia. Unahitaji kupimwa na daktari, na mara nyingi ultrasaundi hutosha kuonyesha kilichopo.

Jipime ukiwa umesimama. Ukikaa, tumbo la kila mtu hujikunja, hata la binti mwembamba ambaye hajazaa. Daktari lazima aache ngozi ya kutosha ili uweze kusimama wima, kujinyoosha, kurukuu na kusujudu bila kidonda kuvutika. Akikaza kupita kiasi, damu haifiki vizuri kwenye kingo za kidonda, ngozi hufa, mshono hufunguka, na kovu linalobaki huwa pana. Kwa hiyo kiasi kidogo cha ngozi kilichobaki mara nyingi ndicho kilichokulinda.

Kusubiri au kushughulikia mapema

Uvimbe mwingi hushuka ndani ya miezi 3 ya mwanzo, lakini umbo la tumbo huendelea kutulia mpaka mwezi wa 6, na kwa wengine mpaka mwaka. Kovu lenyewe huchukua miezi 12 hadi 18 kukomaa, kulainika na kupoa rangi. Madaktari wengi hawakubali kugusa tumbo tena kabla ya miezi 6, na wengi husema mwaka. Wana sababu: tishu bado ni ngumu, damu bado inajitafutia njia mpya, na ukikata kwenye uvimbe hujui unakata kiasi gani cha kweli.

Kwa hiyo, kama uko mwezi wa pili au wa tatu, kusubiri kunazishinda njia nyingine zote. Hakuna gharama, na vile vipembe vidogo vinavyotokeza kwenye ncha za kovu, pale nyongani, kwa baadhi ya watu hulala vyenyewe kadiri uvimbe unavyoisha. Kama mwaka umepita na mkunjo ni uleule, kusubiri hakuna tena faida. Ngozi iliyokatika nyuzi zake za ndani, hasa yenye michirizi mingi ya uzazi, haitajirudi yenyewe kwa sababu umeipa mwaka mwingine.

Yapo mambo ambayo hayasubiri hata siku moja: homa, usaha au harufu kwenye kidonda, kingo za kidonda kuwa nyeusi na kukauka, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukatika. Hayo mawili ya mwisho yanaweza kuwa damu iliyoganda, na hapo unakwenda hospitali ya karibu usiku huohuo, si kwa aliyekupasua tu.

Kanga au mkanda wa hospitali

Huku kwetu mama akijifungua hufungwa tumbo kwa kanga na kukandwa kwa maji ya moto, na bibi au shangazi ndiye msimamizi. Wengi huchukua utaratibu huohuo na kuutumia baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo. Naomba hapa tusikilizane vizuri.

Mkanda maalumu wa kubana umeshonwa ili ugawe mgandamizo sawasawa tumbo zima. Husaidia kupunguza uvimbe na huipa ngozi nafasi ya kushikana na misuli iliyo chini yake. Wengi huambiwa wauvae kwa takriban wiki 6, mchana na usiku, wakiuvua wakati wa kuoga. Kanga ikikazwa hutengeneza mikunjo na fundo. Fundo hubonyeza mahali pamoja, na ngozi iliyoinuliwa kutoka kwenye mizizi yake haipendi kubonyezwa hivyo, kwa sababu damu yake bado ni ya kubahatisha. Kama mkanda umechakaa au umekuwa mkubwa, nunua mwingine wa saizi yako kuliko kuongezea kanga juu yake. Ninajua jasho la pwani linavyochosha ndani ya mkanda. Uwe na miwili, mmoja ukifuliwa mwingine unavaliwa, na vaa fulana nyepesi ya pamba chini yake.

Kukanda ndiko kunakonitisha zaidi. Baada ya upasuaji huu, ngozi ya chini ya kitovu huwa na ganzi kwa miezi, na kwa wengine sehemu ndogo hubaki hivyo moja kwa moja. Maji ambayo mkandaji anayaona ya kawaida yanaweza kukuunguza bila wewe kuhisi chochote. Mheshimu shangazi, mwambie daktari amekataza, na usikandwe.

Ila mkanda, hata uwe mzuri vipi, hauondoi ngozi iliyozidi. Kazi yake ni ya miezi ya kwanza. Mtu anayeuvaa mwaka wa pili akitarajia mkunjo uishe anajitesa bure.

Mazoezi na vya kupaka

Mazoezi hujenga misuli na hupunguza mafuta; ngozi hayaikati. Yafanye kwa afya yako, daktari akishakuruhusu. Krimu za kukaza hulainisha ngozi kwa juu, na hapo ndipo zinapoishia. Pesa hiyo iweke.

Mashine au kisu

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, kwa sababu matangazo ni mengi na picha zake zinapendeza.

Mashine zinazotumika zaidi kukaza ngozi hufanya kazi kwa joto. Zile za mawimbi ya redio hupasha tabaka la ndani la ngozi, nyuzi za kolajeni, zile zinazoipa ngozi uimara, hujikunyata, na mwili hujenga nyuzi mpya polepole. Matokeo hayaonekani siku hiyo. Huja ndani ya miezi 3 hadi 6, na mara nyingi unaambiwa urudi mara kadhaa. Faida yake ni kwamba hakuna mshono, hakuna usingizi wa dawa, na unarudi kwenye shughuli zako upesi. Kwa ngozi iliyolegea kidogo tu, ile inayoonekana kama karatasi iliyokunjamana juu ya kitovu lakini haining'inii, mashine nzuri mikononi mwa mtu anayejua inaweza kuleta tofauti unayoiona.

Mkunjo unaolala juu ya ngozi nyingine ni habari nyingine kabisa. Joto hukaza, halifuti sentimita kadhaa za ngozi. Ukiweza kuishika na kuining'iniza, kinachoiondoa ni kisu, na pesa utakayomaliza kwenye mashine vikao baada ya vikao ungeweza kuiwekea marekebisho ya kweli. Ngozi yenye michirizi mingi nayo huitikia mashine kidogo sana.

Rangi ya ngozi yetu pia ina neno. Leza nyingi hufuata rangi, kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi huweza kuunguza na kuacha madoa meusi au meupe ya muda mrefu. Mawimbi ya redio hayafuati rangi, ndiyo maana kwetu huwa salama zaidi, lakini mtumiaji asiyejua anaweza kuunguza vilevile. Ongeza ile ganzi ya chini ya kitovu: mashine ya joto inategemea wewe useme "inauma", na wewe husikii. Mtu yeyote atakayekuwekea mashine tumboni bila kukuuliza kama ulipasuliwa na lini, ondoka hapo.

Mashine za kugandisha mafuta na upasuaji wa kunyonya mafuta viko kwenye kundi jingine. Vinapunguza mafuta. Kama kilichobaki ni mafuta mazito pembeni ya kiuno na ngozi bado inarudi ukiivuta, kunyonya mafuta kunaweza kukutosha kabisa. Kama ngozi tayari imelegea, ukiondoa mafuta yaliyoijaza itazidi kulegea. Nimewahi kuelezwa na wanawake kwamba walihisi wameharibiwa, kumbe walichagua dawa ya mafuta kwa tatizo la ngozi.

Kurekebisha kidogo kwa ganzi, au kurudia wote

Ukishafika kwenye kisu, swali linageuka kuwa kiasi gani.

Vipembe vya ncha za kovu ndivyo vyepesi kuliko vyote. Huondolewa kwa sindano ya ganzi, unaongea na daktari huku anafanya kazi, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Bei yake ni kovu kurefuka kidogo kuelekea mgongoni. Kwa mtu ambaye tumbo la mbele liko sawa na kinachomkera ni vile vipembe tu, sioni kwa nini afikirie jambo lolote kubwa zaidi. Ndiyo njia yenye faida kubwa kwa hatari ndogo katika makala yote haya.

Ngozi iliyobaki juu ya kovu katikati, ukanda mwembamba, nayo mara nyingine huweza kukatwa kupitia kovu lilelile. Kama kitovu hakihitaji kuguswa, hii ni kazi ya kati, nyepesi kuliko upasuaji wa kwanza, ingawa daktari ndiye atakayeamua kama ganzi inatosha au unahitaji kulazwa usingizi.

Kurudia upasuaji mzima kunafaa watu wachache. Wa kwanza ni aliyefanyiwa upasuaji mdogo, ule unaoishia chini ya kitovu. Upasuaji huo haugusi ngozi ya juu ya kitovu, kwa hiyo kama ngozi ya juu ilikuwa imelegea tangu mwanzo, ililegea na itaendelea kulegea mpaka kazi ikamilishwe. Wa pili ni aliyepungua kilo nyingi sana, kabla au baada ya upasuaji. Huyu ngozi yake imezidi pande mbili, kwenda chini na kwenda upana, na mkato wa nyonga hadi nyonga huondoa ule wa kwenda chini tu. Ili kuondoa wa upana anahitaji mkato wa pili wa kusimama, kutoka karibu na kifua hadi chini, na kovu lake halifichiki ndani ya nguo ya ndani. Wengine huhitaji mkato unaozunguka kiuno chote hadi mgongoni. Ni upasuaji mkubwa: usingizi wa dawa, mirija ya kutoa maji, hatari ya damu kuganda, na wiki 6 za kutonyanyua kitu kizito. Kuna mama ambaye kovu la katikati kwake si kitu, maana mkunjo unamletea fangasi na vidonda kila msimu wa joto, kwake inafaa. Kuna mwingine anayesumbuliwa na picha za harusi ya mdogo wake; huyo ningemsihi afikiri tena.

Kabla ya kisu chochote, mweleze daktari kama makovu yako huwa yanakua. Angalia tundu la sikio, chale, kovu la upasuaji wa uzazi. Kama mojawapo limekuwa nene na kuvuka mpaka wa kidonda, una mwelekeo wa keloidi, na kila mshono mpya ni nafasi nyingine ya keloidi. Pale napendelea kuacha mkunjo mdogo kuliko kuubadilisha na kovu nene linalowasha. Ukiamua kuendelea, mpango wa sindano za kovu na plasta za silikoni uwepo kabla ya kukatwa, usisubiri likue.

Tumbaku ni kikwazo kingine. Nikotini hubana mishipa ya damu, na ngozi iliyokwisha kuinuliwa mara moja inahitaji kila tone. Acha angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Ugoro nao umo, mama zangu, hata kama haufuki moshi. Sukari ya damu isiyodhibitiwa na upungufu wa damu virekebishwe kwanza.

Kusini, Dar, au nje ya nchi

Madaktari bingwa wa upasuaji rekebishi nchini ni wachache, na wengi wako Dar es Salaam. Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila hutoa huduma hizi, kwa hiyo si lazima tena kupanda ndege kwenda India ili kukutana na mtu aliyesomea. Popote uendapo, uliza jina la daktari na uhakiki kwamba amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwamba ubingwa wake ni wa kazi hiyo. Bima ya afya kwa kawaida hailipii upasuaji wa urembo, kwa hiyo uliza bei yote: dawa ya usingizi, kulazwa, mkanda, na vipimo vya marudio.

Kurudi kwa aliyekupasua mara ya kwanza kuna faida kubwa: anajua alichoshona na alichoacha, na baadhi yao hupunguza malipo ya marekebisho. Kama imani imekwisha, omba nakala ya taarifa ya upasuaji uende nayo kwa mwingine. Daktari mpya anahitaji kujua misuli ilishonwa vipi na makovu mengine ya tumbo yako wapi, maana kovu la zamani juu ya tumbo hubadilisha njia ya damu.

Kwa vipembe vinavyoondolewa kwa ganzi, safari ya Dar ya siku chache inatosha. Kwa upasuaji mzima, panga kukaa Dar kwa wiki 2 hivi, karibu na aliyekupasua. Kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na kukaa kwenye basi saa nyingi bila kunyoosha miguu baada ya upasuaji mkubwa huongeza hatari ya damu kuganda. Mei 2024 mafuriko yalikata barabara pale Somanga na wasafiri wa kusini wakakwama. Hutaki kuwa mmoja wao ukiwa na mrija tumboni. Ukisharudi, kuvutwa maji kwa sindano, kuangaliwa kidonda na ultrasaundi vinaweza kufanyika kwenye hospitali zetu kubwa, kama Ligula na ile ya Kanda ya Kusini kwa upande wa Mtwara, au Sokoine kwa Lindi. Ongea na daktari wa huko kabla hujasafiri, umwachie taarifa zako.

Wakati nao upange. Wengi hupata pesa minada ya korosho inapoanza, Oktoba, na hapohapo wanataka kwenda. Lakini huo ndio msimu wa kuokota korosho, wa kuinama na kubeba magunia, na joto ndilo linapopanda. Kama nyumbani hakuna wa kukusaidia, iweke pesa hiyo mpaka Juni au Julai, kukiwa na baridi kidogo na mvua zimekatika.

Kama bado unataka mtoto mwingine, au uzito wako haujatulia kwa angalau miezi 6, njia zote za kisu zikae pembeni kwa sasa. Mimba itavuta ngozi na misuli upya, na kupungua kilo nyingi zaidi kutaacha ngozi nyingine. Kwa mama wa namna hiyo ninachopendekeza ni kuutunza mkunjo uliopo: uoshe, uukaushe vizuri kwa kitaulo laini bila kusugua, uuwekee kitambaa cha pamba siku za joto, na ukianza kuwasha au kubadilika rangi uende kliniki upate dawa ya fangasi mapema.